Nilimvika Marehemu Kofia ya Mtu Mwingine

Walioniacha katika safu ya wiki iliyopita nimepiga goti kwenye zulia la Bi Nora Thackray wapate habari: niliinuka. Ila sikuinuka mwenyewe. Goti la kulia liligoma, nikabaki pale chini nimeng'ang'ania mguu wa meza, na swali la posa nililokuja nalo sikuliuliza. Bi Nora akadhani natafuta kifungo. Alipotambua kuwa ni goti alileta dawa ya kuchulia farasi, akanichua bila huruma, na harufu yake ikakaa nyumbani siku tatu. Mwanamume hawezi kuchumbia huku ananuka dawa ya farasi.

Kwa hiyo mpaka leo mimi ni mpangaji wake tu, chumba cha juu upande wa barabara, hapa Malton, kaskazini mwa Uingereza. Wapo walioniandikia kuuliza kama goti limepona. Limepona, ahsanteni. Ni mengine yote yaliyoharibika.

Kwa wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Clem Oldroyd, nina miaka hamsini na minne, nywele zimenikimbia, na kazi yangu ni mvishaji. Siku za mbio za farasi, iwe York, Ripon au Thirsk, wapanda farasi wakiingia chumbani ni mimi ninayewavisha jezi za hariri zenye rangi za matajiri wao, kila tajiri na zake, nawafunga vifungo na kuwaweka kofia sawasawa. Mbio zikiisha nawavua, na matope yao nayafua mimi. Nimeifanya kazi hiyo miaka ishirini na minane na sijawahi kumtoa mtu uwanjani na kofia isiyo yake. Niamshe usingizini unitajie mwenye farasi yeyote wa kaskazini, nitakutajia jezi, mikono na kofia kabla sijafungua macho.

Nilikuwa najisifu kwa hilo mpaka watu wananikimbia. Sasa sikilizeni.

Mambo yalianzia kwenye baa ya Mzee Septimus Hird. Mzee huyu alikuwa karani wa mizani kwenye viwanja vya mbio, yule anayewapima wapanda farasi uzito kabla na baada, na alipostaafu akanunua baa. Kibao cha nje kilikuwa kimeoza, hata hakuna aliyejua kilichorwa nini. Wengine walisema farasi, wengine askofu. Mzee Hird akatangaza kwamba ataweka kibao kipya: mpanda farasi wa Malton, na jina lake chini kwa herufi za dhahabu. Picha itanakiliwa kutoka kwenye kadi ya sigara.

Zamani, kama mnakumbuka, kila pakiti ya sigara ilikuwa na kadi moja yenye picha ya rangi. Mwaka 1929 ilitoka seti ya wapanda farasi hamsini na jezi zao, na namba ishirini na tatu ni ya kwetu. Inaonyesha mtu juu ya farasi, amevaa rangi za Jabez Ellerby, aliyekuwa na kinu cha kusaga ngano hapa mjini. Kadi inataja jina la mwenye rangi. Jina la mpanda farasi haitaji. Ugomvi ulipata mlango hapo.

Bi Nora, mjane wa Thackray, anasema yule ni baba yake, marehemu Jos Pickersgill. Lance Cawood, mwenye bucha, anasema ni baba yake yeye, marehemu Ted Cawood, aliyempandia Ellerby farasi wake miaka kumi na moja. Uso wenyewe ni mdogo kuliko punje ya njegere, na una masharubu ambayo hakuna hata mmoja kati ya wazee hao aliyewahi kuyafuga.

Ted Cawood ana vikombe sita vya fedha. Mwanawe huvipanga dirishani mwa bucha, katikati ya soseji. Jos Pickersgill alishinda mbio moja tu maishani, na majira ya kuchipua yaliyofuata farasi alimwangukia huko Catterick, akafa siku hiyohiyo. Bi Nora alikuwa na miaka kumi na saba. Picha hawakuwahi kupiga, na juu ya kaburi wana msalaba wa mbao ambao wameubadilisha mara tatu. Kadi ilipotoka, mama yake, mwanamke wa kanisa asiyeonja hata bia, alijifunza kuvuta sigara akiwa na miaka arobaini. Alivuta kwenye banda la makaa, akikohoa, pakiti baada ya pakiti, mpaka namba ishirini na tatu ikatoka. Akaigundisha kwenye albamu na hakuvuta tena.

Hiyo ndiyo kadi aliyoniwekea Bi Nora mkononi Alhamisi asubuhi, pamoja na albamu yake.

Kona moja ilikuwa imebanduka. Akaniomba niirudishe kwa gundi, maana Jumamosi albamu inakwenda mbele ya Mzee Hird ili aamue nani atachorwa. Alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani tayari, anakwenda kupanga maua.

"Iangalie vizuri hiyo kofia ya baba, Bwana Clem," akasema. "Watu wameisema sana. Jumamosi wataacha."

"Wataacha, Bi Nora," nikamjibu. "Niachie mimi."

Naomba mnisomee polepole hapo. Alisema wataacha. Hakusema niwaachishe.

Nikakaa mezani, nikaitazama kadi. Jezi ya kijani, sawa. Mikono myeupe, sawa. Kofia nyeupe. Kofia ya Ellerby ni ya kijani, tangu enzi za babu yake, na mtu yeyote wa mbio anajua. Nikaibandua kadi yote taratibu kwa mvuke wa birika, nikaigeuza nyuma. Imeandikwa hivi: Bw. J. Ellerby, jezi kijani, mikono myeupe, kofia kijani. Mbele nyeupe, nyuma kijani. Basi nikaelewa kila kitu, au nilidhani nimeelewa, na kwangu mimi hayo mawili hayajawahi kuachana. Mpiga chapa alikosea. Miaka ishirini na minane mama wa watu anachekwa mjini kwa ajili ya kadi mbovu, na Jumamosi Cawood atamcheka mbele ya watu.

Ninacho kichupa cha rangi ya kugusia jezi zilizochujuka. Kijani ninacho. Brashi zangu zilikuwa nene mno kwa kofia ya ukubwa ule, kwa hiyo nikajing'oa nywele tatu kati ya zile chache nilizobakiwa nazo, nikazifunga kwenye kijiti cha kiberiti. Nilifanya kazi saa nzima nimebana pumzi. Sijapata kufanya kazi safi namna ile. Hata kivuli cha ukingo wa kofia nilikiweka. Nikaigundisha kadi mahali pake, nikafunga albamu, na Bi Nora aliporudi nikamwambia kila kitu kiko tayari.

"Umeiona kofia?" akauliza.

"Nimeiona. Usiwe na wasiwasi."

Akanitazama kwa macho yenye furaha, akaniwekea kipande cha pili cha pai bila kuombwa. Nikaamua palepale: Jumamosi, Mzee Hird akishatoa hukumu, nitauliza lile swali. Nikiwa nimesimama.

Jumamosi saa sita mchana baa ilijaa. Mzee Hird alikuwa ametandika kitambaa cheupe juu ya meza kubwa na kuweka taa ya kusomea, mambo ya mahakama kabisa. Lance Cawood alikuwa amefika mapema, ameshavua aproni ya bucha na kuchana nywele kwa maji. Aliponiona nimembebea Bi Nora albamu akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni kama bwana harusi ameshapata jibu au goti bado linamsumbua. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikijua kilichomo kwenye albamu.

Cawood akatoa kadi zake. Alikuwa nazo tatu, zote namba ishirini na tatu, amezinunua minadani. Akazipanga juu ya kitambaa kama anayecheza karata. Nikanyoosha shingo. Kofia ya kijani, kofia ya kijani, kofia ya kijani.

Mtu mwenye akili angejiuliza kitu hapo. Mimi nilifurahi. Nilijisemea kwamba sasa zote zinafanana, hakuna wa kumcheka Bi Nora.

"Rangi za Ellerby, kofia ya Ellerby," akasema Cawood. "Na aliyezivaa miaka kumi na moja ni baba yangu. Sioni tunabishania nini, Mzee Hird."

Mzee Hird alichukua daftari lake la zamani lenye jalada la ngozi, akalifungua alipokuwa ameweka alama, akavaa miwani. Akasema kwamba siku chache nyuma Bi Nora alimfuata akamweleza jambo, naye amelithibitisha kwenye maandishi yake mwenyewe. Mimi sikuwahi kulisikia jambo hilo. Bi Nora alimweleza mzee peke yake, kwa sababu Malton ukikohoa kwenye bucha unaulizwa hali yako kanisani.

Akasoma. Thirsk, mwezi wa tisa, mwaka 1928. Siku hiyo Jabez Ellerby, ambaye sisi sote tulimjua kama mtu bahili wa farasi mmoja, alipeleka farasi wawili katika mbio moja. Ilikuwa mara yake ya kwanza na ya mwisho. Farasi mzuri akapewa Ted Cawood. Farasi wa pili, ambaye hakuna aliyemtarajia, akapewa Jos Pickersgill. Na aliyeshinda ni yule wa pili.

Mimi nilianza kazi mwaka uliofuata. Nilikuwa sijui. Hata hivyo bado sikuhisi kitu. Niliendelea kusimama pale, nimeweka mikono nyuma, natabasamu.

Mzee Hird akaniangalia juu ya miwani.

"Clem, wewe ndiye mvishaji hapa. Waeleze hawa. Tajiri mmoja akileta farasi wawili kwenye mbio moja, na jezi ni ileile, waamuzi watawatofautishaje watu wake?"

Swali hilo naulizwa na kila mgeni anayeingia chumbani kwetu, na ninapenda sana kulijibu. Nikatoa kifua mbele. Nikasema kwa sauti ya mwalimu kwamba jezi haibadiliki, mikono haibadiliki, isipokuwa yule wa farasi wa pili huvalishwa kofia ya rangi nyingine.

"Rangi gani?"

"Mara nyingi ny..."

Nikaishia hapo.

Wasomaji wangu, nimeshaanguka kwenye birika la kunyweshea farasi. Nimeshakalia keki ya mazishi. Nimeshawahi kumpongeza mama wa watu kwa mimba ambayo haikuwepo. Yote hayo mmeyasoma, na kila mara nilihisi joto usoni. Jumamosi ile nilihisi baridi, ikianzia miguuni.

"Nyeupe," akamalizia Mzee Hird. "Nimeandika hapa kwa mkono wangu. Pickersgill, kofia nyeupe. Kwa hiyo suala ni jepesi. Mchoraji wa kadi alikuwepo Thirsk siku ile. Alimchora nani?"

Cawood akagonga kadi zake tatu kwa kidole, akasema kofia hizo ni za kijani, na yeye macho anayo. Ndipo Bi Nora aliposema. Hakuharakisha. Alisema kadi za kwanza kutoka zilikuwa na kofia nyeupe, kama mchoraji alivyoona. Ellerby alipoiona akakasirika, akaandika barua kiwandani kulalamika kwamba wameziharibu rangi za ukoo wake, na kiwanda kikapiga chapa upya kofia ikiwa ya kijani. Hizo za kijani ndizo zilizoenea. Za kwanza zilitoka kwa muda mfupi tu. Mama yake alianza kuvuta mwezi uleule wa kwanza.

"Sijaona nyingine nyeupe tangu hapo," akasema. "Nimewaandikia watu mpaka London. Nilidhani zipo. Hakuna aliyenijibu kwamba anayo."

Nikajua basi kwamba kabla yangu kulikuwa na mpumbavu mwingine aliyeisahihisha kofia ileile. Yule angalau alikuwa na kinu.

Bi Nora akaisukuma albamu mbele ya Mzee Hird. Hakuifungua yeye. Alitaka mwingine aone kwanza. Alikuwa amevaa blauzi yake ya bluu, ile ya Krismasi, na alikuwa ananitazama mimi, maana mimi ndiye nilikuwa nimemwambia asiwe na wasiwasi.

Mzee akafungua ukurasa. Akavuta taa karibu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nora," akasema taratibu, "hii ni ya kijani."

Cawood alicheka kicheko kimoja, kifupi, akajizuia. Bi Nora akazunguka meza, akainama juu ya albamu. Aliponyanyuka uso ulikuwa umekuwa mwingine kabisa, na hakunitazama mimi. Alimtazama Cawood.

Alimwambia kwamba jana, Ijumaa, alileta nyama nyumbani, na badala ya kuiacha mlangoni akaiingiza mpaka ndani, akasimama karibu na kabati yenye albamu huku yeye akitafuta chenji. Na tazama leo, ana kadi tatu za kijani. Kabla ya jana, akauliza, alikuwa nazo ngapi?

Kisha watu wakaanza kunong'ona, na minong'ono haikuwa mizuri. Mtu mmoja nyuma akakumbusha habari za kidole cha Cawood kinachosemwa kuikandamiza mizani ya bucha.

"Dada Nora," akasema Cawood, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha, "mimi ni mbishi. Mwizi siyo."

"Bwana Clem alikuwa nayo Alhamisi," akasema Bi Nora. "Muulizeni yeye. Katika rangi hakosei."

Wote wakageuka. Mzee Hird akaniuliza, kama anavyouliza mizani: Alhamisi, uliposhika kadi hii, kofia ilikuwa ya rangi gani?

Hapa nitawaambieni kitu nilichokifanya ambacho ningependa kukiruka. Nilisema, "Nyeupe."

Ilikuwa kweli. Hakuna neno la kweli kuliko hilo lililosemwa mle ndani siku ile. Nikalisema, nikafunga mdomo, na nikakaa nalo.

Mzee Hird akafunga daftari. Akamwambia Cawood kwamba katika nyumba hii watu wamelewa, wamepigana, na mmoja alishawahi kuingiza punda, lakini hajapata kumwona mtu anayemwibia marehemu. Akamwambia achukue vitu vyake na asirudi. Cawood hakubishana. Alianza kuokota kadi zake juu ya kitambaa, na vidole vyake vinene vilishindwa kuzinasa. Alisema kwa sauti ndogo, hakumwambia mtu yeyote, kwamba baba yake angekuwepo angekufa tena.

Nilimwona anavyohangaika na kadi ya mwisho, na nikaona kwamba nikikaa kimya dakika moja zaidi nitakuwa nimepata kila nilichotaka: kibao, Bi Nora, na Cawood nje. Ilinitisha jinsi ilivyokuwa rahisi.

"Ni mimi," nikasema.

Hawakunisikia. Nikarudia. Nikasema hakuna kadi iliyobadilishwa, kadi ni ileile, ni mimi niliyeipaka kofia rangi kwa sababu nilidhani imekosewa. Nikaeleza habari ya nyuma ya kadi, na mvuke, na kichupa. Hata nywele tatu nikazieleza, sijui kwa nini. Mtu akiwa anazama hutaja kila kitu.

Hakuna aliyecheka, na hapo ningeshukuru kama wangecheka.

Bi Nora alibaki ananitazama. Nilitegemea matusi. Nilishajiandaa kuhama, nikawa nawaza mabuti yangu yako wapi. Lakini yeye aliniuliza swali la kikazi, kwa sauti ambayo mteja humuulizia mwenye duka.

"Rangi yenyewe ni ya namna gani?"

"Ya jezi."

"Inatoka kwa maji?"

Nikamwambia kwamba juu ya hariri hutoka kama haijamaliza wiki. Juu ya kadi sijui, sijawahi.

Mzee Hird alikaa chini. Alionekana mzee kuliko asubuhi. Akasema yeye binafsi anatuamini, Nora na mimi, na kwamba anamwomba Lance radhi, jambo ambalo alilifanya palepale. Lakini jina la mtu haandiki kwa maneno matupu. Maisha yake yote ameandika alichokiona kwenye mizani, na alichokiona leo ni kofia ya kijani. Nyeupe ikionekana chini yake, hata iwe ndogo kama ncha ya sindano, Jumatatu mchoraji wa kibao ataanza na jina litakuwa Jos Pickersgill. Isipoonekana, basi kibao kitachorwa farasi peke yake.

"Naomba maji ya vuguvugu," akasema Bi Nora. "Na kitambaa laini."

Aliyemzuia ni Cawood. Alikuwa bado amesimama mlangoni na kofia yake mkononi. Akarudi mpaka mezani, akasema asifanye hivyo, kadi zile anazijua, wino wake ni wa zamani, maji yakizigusa na uso unafutika. Akasema Nora hana picha nyingine ya baba yake. Akasema kama ni kibao, yeye anaacha, waandike Pickersgill, hatatia neno.

"Sitaki kuachiwa, Lance," akasema Bi Nora. "Alishinda."

Maji yakaja kwenye bakuli la supu. Bi Nora akachukua kitambaa. Akakitazama kitambaa, akanitazama mimi, akaninyooshea.

"Wewe ndiye uliyemvika," akasema. "Mvue."

Nimewavua watu kofia maelfu. Wengine wamevunjika mabega, wengine wanalia, mmoja alikuwa ameshakata roho na hatukujua. Sijapata kuona kofia nzito namna ile. Nikalowesha kona ya kitambaa, nikaikamua mpaka haikutoa tone, nikaikunja iwe na ncha, nikainama karibu kiasi kwamba pumzi yangu iliirudia pua yangu kutoka kwenye kadi. Nikagusa kofia mara moja, kwa juu, mbali na uso.

Kijani kikaja kwenye kitambaa. Kidogo. Mzee Hird akashusha taa, akasema bado haoni kitu, niendelee.

Nikageuza kona, nikagusa mara ya pili, nikavuta kuelekea nje kama tunavyofuta hariri. Nilipokiinua kitambaa kulikuwa na kijani tena, na kando ya kijani doa dogo la rangi ya waridi. Kwenye kadi nzima, jezi, farasi, mbingu na majani, hakuna mahali pengine penye rangi hiyo isipokuwa usoni. Kofia bado ilikuwa ya kijani, na mguso mmoja zaidi ungeweza kuufuta uso.

Bi Nora alikuwa ameshageukia dirishani, hakutaka kutazama. Akauliza kama nyeupe imeonekana.